Mtoto Mwenye Kigugumizi na Lugha Yake Nzima

Kigugumizi cha utotoni huanza, kwa watoto walio wengi, kati ya miaka miwili na minne, wakati uleule mtoto anapoacha kusema neno mojamoja na kuanza kuunga sentensi. Utafiti wa miaka mingi wa Ehud Yairi na Nicoline Ambrose wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ulikuta kwamba umri wa kuanza, kwa wastani, ni kama miezi 33. Kwa muda mrefu ilikubalika kuwa watoto watano hivi katika kila mia hupata kigugumizi wakati fulani. Watafiti wa Melbourne, Australia, waliofuatilia zaidi ya watoto 1,600 tangu uchanga, walipata idadi kubwa zaidi: kufikia miaka minne, watoto 11 katika kila mia walikuwa wamekwishapitia hali hiyo. Lakini ukihesabu watu wa rika zote, wenye kigugumizi ni kama mmoja tu katika mia. Maana yake wengi huachana nacho, na wataalamu hukadiria kuwa watoto watatu kati ya wanne hupona, baadhi yao bila tiba yoyote.

Kwa hesabu hizo, darasa moja la chekechea lenye watoto 40, la aina inayopatikana karibu kila mtaa kuanzia Tabata Kimanga hadi Segerea jijini Dar es Salaam, lina watoto wawili hadi wanne waliowahi kukwama namna hiyo au watakaokwama. Umri wa kigugumizi ndio umri wa kuanza shule ya awali, na mambo mawili yakitokea mwezi mmoja, watu hudhani la kwanza limezaa la pili. Mama atasema mtoto aliongea vizuri mpaka alipopelekwa kwa mwalimu mkali. Bibi atasema alishtushwa na mbwa. Jirani atasema amemwiga mwenzake. Kila mmoja ana ushahidi wake, kwa sababu kigugumizi mara nyingi huanza ghafla, pengine ndani ya siku mbili tatu, na lolote lililotokea wiki hiyo hubebeshwa lawama.

Si kila kukwama ni kigugumizi. Mtoto wa miaka mitatu anayetafuta maneno husema "nataka, nataka ile, eeh, ile ya jana", akirudia neno zima au kifungu kizima bila kuhangaika. Huko ni kubabaika kwa kawaida, na watoto wote hupita humo. Kigugumizi kina sauti yake. Mtoto hurudia kipande cha neno, "ni-ni-ni-ninataka", au huvuta sauti moja, "sssssamaki". Au huziba kabisa: midomo imekaa tayari kwa neno, pumzi imesimama, sauti haitoki. Hali hii ya mwisho wazazi huiona kwa macho kabla ya kuisikia. Kipimo kilichotokana na utafiti wa Illinois ni kwamba katika silabi 100 za mazungumzo, mtoto akikwama kwa namna hizo mara tatu au zaidi, hicho ni kigugumizi. Mzazi hana haja ya kuhesabu silabi nyumbani, lakini akimrekodi mtoto kwa simu kwa dakika kumi akiwa mchezoni, na tena siku nyingine, atakuwa na kitu cha maana cha kumwonyesha mtaalamu, kwa kuwa kigugumizi cha watoto hupanda na kushuka. Mtoto aliyekwama wiki nzima huweza kuongea kama maji mbele ya daktari.

Baada ya muda, kwa baadhi ya watoto, huongezeka vituko vya mwili: kufumba macho kwa nguvu, kukaza shingo, kupiga mguu chini ili neno litoke. Wengine huacha neno lililowashinda na kuchukua jingine, au humvuta mtu mkono na kumwonyesha kwa kidole kile walichokuwa tayari kukitaja. Wazazi hupenda kuamini kwamba mtoto mdogo hajijui. Wengi hujijua mapema, wengine wangali na miaka mitatu, na wakifika mitano walio wengi wanafahamu kwamba maneno yao hayatoki kama ya wenzao.

Jambo moja katika malezi ya pwani linastahili kutazamwa kwa karibu, nalo ni salamu. Mgeni anaingia, mtoto anaambiwa "msalimie baba mkubwa", na sebule nzima inanyamaza kungoja shikamoo. Neno hilo halina mbadala, haliwezi kuzungukwa, linatakiwa sasa hivi, na macho yote yako kwa mtoto. Hayo ndiyo mazingira yanayozidisha kigugumizi kwa mtu wa umri wowote. Mtoto anaanza "sh-sh-sh", anajificha nyuma ya kanga ya mama yake, na mgeni anaondoka akidhani hana adabu. Huo ni uonevu usiokusudiwa, na unaepukika. Mzazi akiitamka salamu pamoja na mtoto, kwa sauti moja, mara nyingi neno hutoka bila shida, kwa kuwa kusema kwa pamoja hulegeza kigugumizi karibu kwa kila mtu mwenye nacho. Kuimba hufanya vivyo hivyo.

Sifa hiyo njema ina upande wake mgumu shuleni. Madarasa ya awali ya Dar es Salaam huendeshwa kwa kiitikio: watoto humsalimia mwalimu kwa pamoja, hukariri irabu kwa pamoja, huhesabu kwa pamoja, huimba kuanzia asubuhi mpaka wakati wa uji. Mwenye kigugumizi humo ndani husikika kama wenzake, na mwalimu huweza kukaa naye muhula mzima bila kugundua. Siku anapomsimamisha peke yake ataje jina lake, mtoto anaganda. Mwalimu asiyejua huona ukaidi au uzembe. Anayejua anaweza kumuuliza kwanza mtoto mwingine, akampa huyu nafasi ya kujibu na jirani yake, na akasubiri jibu bila kumkatiza.

Chanzo cha kigugumizi kimo katika namna ubongo unavyopanga na kuendesha usemi. Picha za ubongo wa watoto, zikiwemo za watafiti wa Michigan wakiongozwa na Soo-Eun Chang, zinaonyesha tofauti ndogo katika njia zinazounganisha sehemu za kusikia, za kupanga matamshi na za kuamrisha misuli, hasa upande wa kushoto. Hali hiyo hurithiwa kwa sehemu kubwa. Jeni kadhaa zimekwishatambuliwa. Tatu za mwanzo zilitangazwa mwaka 2010 kutokana na utafiti ulioanzia kwa familia za Pakistan, na nyingine, iitwayo AP4E1, ilipatikana mwaka 2015 katika ukoo mmoja mkubwa wa Kameruni. Wavulana hupatwa zaidi, na wasichana hupona zaidi, ndiyo maana kwa watu wazima kuna wanaume kama wanne kwa kila mwanamke mmoja. Kigugumizi hakitokani na akili pungufu, wala na malezi mabaya, wala na kuiga, wala na kutekenywa. Woga na haraka vinaweza kukizidisha siku hiyo, lakini havikianzishi.

Hilo la malezi linafaa kusemwa kwa sauti, maana wataalamu wenyewe waliwahi kupotoka. Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa alishikilia kwamba kigugumizi huanzia masikioni mwa mzazi anayekosoa kubabaika kwa kawaida. Mwaka 1939 mwanafunzi wake, Mary Tudor, alijaribu wazo hilo kwa watoto yatima 22 huko Davenport. Baadhi yao, waliokuwa wakiongea vizuri, waliambiwa wana kigugumizi. Uchambuzi wa baadaye wa rekodi zile haukuonyesha kwamba walipata kigugumizi cha kweli, ila baadhi yao waliingiwa na hofu ya kuongea na kujifungia. Chuo kiliomba radhi mwaka 2001. Wazo la kumlaumu mama lilikwishasambaa duniani, na lingali linasikika kila mahali ambapo mama wa mtoto mwenye kigugumizi anaulizwa alimfanya nini mwanawe.

Kisu nacho kina historia yake. Mwaka 1841 daktari Johann Friedrich Dieffenbach wa Berlin alikuwa akikata kipande cha shina la ulimi ili kuponya kigugumizi, na wagonjwa waliumia bure. Tanzania kuna kukata kimeo, desturi inayofanywa na mafundi wa kienyeji kwa watoto wenye kikohozi na matatizo mengine ya koo. Kimeo hakihusiki na kigugumizi hata kidogo, na kukikata huleta damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine. Udata ni suala jingine: ngozi ya chini ya ulimi ikiwa fupi sana huweza kumsumbua mtoto kunyonya, na mara chache kutamka sauti fulani, lakini kuikata hakuondoi kigugumizi. Familia nyingi za Kiislamu humsomea mtoto dua ya Nabii Musa, naye Musa anatajwa katika Kurani na katika Biblia kuwa na uzito wa kusema. Dua hiyo haina madhara na humpa mtoto moyo, mradi isiwe sababu ya kutompeleka kwa mtaalamu.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni lugha yenyewe. Kigugumizi huvuta masikio ya watu wote, na mengine yote katika usemi wa mtoto hufunikwa nacho. Uchunguzi mmoja wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2003 na uliohusu watoto wa shule 2,628 wenye kigugumizi, ulikuta kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa na tatizo jingine pia, na karibu theluthi walikuwa na shida ya matamshi. Mtoto wa namna hiyo akipelekwa kwa mtaalamu huelezwa kwa neno moja tu, kwamba ana kigugumizi, na hakuna anayetaja kwamba ana miaka minne na watu wasiomzoea hawamwelewi hata pale asipokwama.

Je, watoto wenye kigugumizi wana lugha dhaifu kuliko wenzao? Swali hili limegawanya wataalamu. Mwaka 2011 uchambuzi uliounganisha tafiti 22 ulionyesha kuwa, kwa wastani, hupata alama za chini kidogo katika msamiati na katika vipimo vya lugha kwa jumla. Mwaka uliofuata Marilyn Nippold aliandika kwamba ushahidi huo hautoshi. Utafiti wa Melbourne uligeuza mambo kabisa: watoto waliopata kigugumizi kabla ya miaka minne walikuwa na lugha nzuri kidogo kuliko wasiopata. Yote haya yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Watafiti wa Melbourne walichukua watoto wote wa jamii, wakiwemo wale waliokwama miezi michache na kupona bila mtu kujua. Tafiti za hospitali hukusanya walioletwa, na wanaoletwa mara nyingi ndio wale ambao kigugumizi kimekaa au kimeandamana na shida nyingine.

Kuna maelezo mengine yanayowafaa wazazi zaidi ya wastani wa makundi. Baadhi ya watoto wenye kigugumizi hawana lugha dhaifu, bali lugha isiyolingana: sehemu moja imekwenda mbele na nyingine imebaki nyuma. Yuko mwenye maneno mengi na hadithi ndefu kichwani, lakini matamshi yake bado ni ya mtoto wa miaka miwili. Yuko mwingine anayetamka kila sauti sawasawa lakini hawezi kuunga sentensi ya maneno manne. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kutolingana huku huonekana zaidi kwa watoto wenye kigugumizi kuliko kwa wenzao, na wanadhani mvutano wa namna hiyo huongeza kukwama. Wazo hilo linakubaliana na jambo linalojulikana vizuri, kwamba mtoto hukwama zaidi kadiri sentensi inavyorefuka na kuwa ngumu, na hukwama mwanzoni mwa sentensi, pale ambapo mipango yote inafanyika.

Kwa Kiswahili, mpango huo ni mzito tangu silabi ya kwanza. Mtoto anayesema "sitakuambia" anatakiwa kuamua ukanushi, wakati na anayeambiwa kabla hajalifikia tendo lenyewe. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, alionyesha kuwa watoto wadogo huanza kwa kuacha viambishi vya nafsi na vya wakati, kisha huvijaza kidogo kidogo. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili anayesema "taka maji" hana tatizo. Wa miaka minne na nusu ambaye bado anasema hivyo, na ambaye hujibu maswali kwa neno moja, anahitaji kuchunguzwa, awe na kigugumizi au asiwe nacho.

Matamshi nayo yana mizani yake. Mwaka 2015 Nazneen Gangji, Michelle Pascoe na Mantoa Smouse walichapisha utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa watoto 24 wa chekechea, wa miaka mitatu hadi mitano, ili kujua sauti za Kiswahili hukamilika lini. Ni watoto wachache, lakini kabla ya hapo mtaalamu wa Dar es Salaam alilazimika kupima watoto wa Kiswahili kwa viwango vya watoto wa Kiingereza. Upande wa Kenya, Katherine Alcock na wenzake walitayarisha huko Kilifi orodha za maneno na ishara kwa Kiswahili na Kigiriama, zinazomwezesha mzazi, hata asiyejua kusoma, kueleza mtoto wake mdogo anajua nini. Zana kama hizi ni chache, na kila moja ni ya thamani kubwa.

Zana peke yake hazitoshi bila sikio linaloijua jamii. Mtoto wa Tabata akisema "samani" akikusudia thamani, au "zahabu" badala ya dhahabu, huenda anasema kama mama yake na kama nusu ya mtaa. Akibadilisha r na l, huenda amekulia kwa watu ambao lugha yao ya nyumbani haizitenganishi. Hayo ni lafudhi. Lakini akiacha silabi za mwanzo, samaki ikawa "maki" na karanga ikawa "langa", na umri wake umepita minne, hiyo ni dalili. Kanuni ya jumla inayotumika kliniki nyingi ni rahisi: mtoto wa miaka mitatu aeleweke na mgeni katika sehemu kubwa ya maneno yake, na wa minne karibu maneno yote. Shida ya matamshi au ya lugha inapokuwapo, masikio hupimwa kwanza, hasa kwa mtoto aliyewahi kutoka usaha sikioni mara kwa mara.

Shule za awali za mchepuo wa Kiingereza zimeongeza swali jingine. Lugha mbili hazileti kigugumizi, na hakuna sababu ya kumnyima mtoto lugha ya nyumbani. Lakini lugha mbili zinaweza kudanganya sikio. Courtney Byrd na wenzake huko Texas walionyesha kuwa watoto wa Kihispania na Kiingereza wasio na kigugumizi hurudia maneno na vipande vya maneno kiasi cha kuvuka kipimo kile cha tatu kwa mia. Wanatafuta maneno, na hawahangaiki. Vivyo hivyo mtoto wa Tabata anayeongea Kiswahili nyumbani na anayemjibu mwalimu kwa Kiingereza cha miezi mitatu asihukumiwe kwa Kiingereza hicho. Achunguzwe kwa lugha anayoimudu zaidi, na kama anakwama katika zote mbili kwa mkazo uleule, hapo kuna jambo.

Uhusiano wa lugha na kigugumizi unakuwa na uzito zaidi linapoulizwa swali ambalo kila mzazi huliuliza: je, kitaisha? Hakuna anayeweza kumtabiria mtoto mmoja kwa uhakika. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikusanya alama za watoto ambao kigugumizi hubaki nao. Ni wavulana zaidi. Wana ndugu mwenye kigugumizi, hasa asiyepona. Kwao kilianza wakiwa na umri mkubwa kidogo. Hukwama mara nyingi zaidi. Matamshi yao si safi. Na alama zao za lugha, za kuelewa na za kusema, ziko chini. Kwa hiyo msichana aliyeanza kukwama akiwa na miaka miwili na nusu, asiye na ndugu mwenye kigugumizi, anayetamka vizuri, anaweza kuangaliwa kwa miezi kadhaa bila wasiwasi mkubwa. Mvulana wa miaka minne ambaye baba yake ana kigugumizi na ambaye haeleweki na jirani asisubirishwe hata mwezi. Msemo wa "atakua tu ataacha" ni kweli kwa wengi, na ndiyo maana unawaponza wachache. Kigugumizi kilichozidi miezi kumi na miwili, kilichoanza kukaza uso na shingo, au kilichomfanya mtoto aache kuongea, hakina sababu ya kungojwa.

Kwa mkazi wa Tabata, njia ya kawaida ni zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana, kisha idara ya masikio, pua na koo ya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Tiba ya usemi Muhimbili imepata nguvu zaidi tangu mwaka 2017, hospitali ilipoanza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto viziwi, kwa kuwa upandikizaji huo hauna maana bila mtu wa kumfundisha mtoto kusikiliza na kusema. Wataalamu bado ni wachache mno kwa jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu zaidi ya milioni tano. Makerere, Uganda, ndiyo ilifungua njia Afrika Mashariki kwa shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na sasa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada inayounganisha usikivu na tiba ya usemi. Serikali nayo ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwezi Desemba 2021, na usemi ni sehemu ya makuzi hayo. Siku za kliniki, mzazi anapopeleka mtoto kupimwa uzito, ni nafasi nzuri ya kuuliza.

Tiba kwa watoto wa umri huu ipo na inafanya kazi. Mpango wa Lidcombe, uliopewa jina la kitongoji cha Sydney ulikoanzishwa na Mark Onslow na wenzake, humfundisha mzazi kutenga dakika 10 hadi 15 kila siku za mazungumzo mepesi, amsifu mtoto maneno yanapotoka laini, na mara chache tu, kwa upole, ataje palipokwama. Jaribio la New Zealand lililochapishwa mwaka 2005, lenye watoto 54, lilionyesha kigugumizi kikipungua kwa asilimia 77 kwa waliotibiwa, na asilimia 43 kwa waliosubiri. Njia ya pili, iliyokuzwa katika kituo cha Palin cha London na katika mpango wa RESTART wa Uholanzi, haigusi maneno ya mtoto bali hupunguza mizigo inayomzunguka: kasi ya wakubwa, maswali mengi, kukatizana. Waholanzi walizilinganisha njia hizo mbili kwa watoto 199. Baada ya miezi 18, watoto 76 hivi katika mia walikuwa wameachana na kigugumizi kwa Lidcombe na 71 kwa njia ya pili, tofauti isiyo na maana. Mzazi achague ile anayoweza kuifuata nyumbani kwake.

Nyumba ya Tabata ina mambo yake. Mama anatoka alfajiri kwenda Kariakoo, baba anarudi baada ya foleni, na anayeshinda na mtoto ni dada wa kazi, televisheni ikiwa imewashwa mchana kutwa. Mtaalamu anayempa maelekezo mama peke yake amempa nusu ya tiba. Dada naye anapaswa kuelezwa asimmalizie mtoto maneno, asimcheke, asimwambie "sema polepole", maneno yanayoonekana ya msaada lakini humwongezea mtoto kazi. Mkubwa apunguze kasi yake mwenyewe, mtoto atafuata. Televisheni ikizimwa wakati wa kula na kila mtu akiachiwa zamu yake ya kuongea, mtoto hapiganii nafasi na ndugu zake wanne. Dakika tano za kucheza na mtoto peke yake, mara kadhaa kwa wiki, bila simu mkononi, ni sehemu halisi ya mpango wa Palin. Na mtoto akisema mwenyewe "neno limegoma", aambiwe kwamba ni kweli, wakati mwingine maneno hugoma, na kwamba anasubiriwa. Kunyamazia jambo ambalo mtoto analijua humfanya adhani ni aibu. Kwa aliye mbali na kliniki, tiba inaweza kufanyika kwa video: Waaustralia walijaribu Lidcombe kwa njia hiyo na matokeo hayakutofautiana na ya ana kwa ana.

Mtoto mwenye kigugumizi na shida ya matamshi au lugha kwa pamoja hutibiwa kwa uangalifu zaidi. Kumsahihisha kila sauti, "sema tena, sema rrr", kunaweza kumbana akakwama zaidi. Kuahirisha matamshi mpaka kigugumizi kiishe ni kumpotezea miaka. Wataalamu wengi hufanyia kazi yote mawili sambamba, kwa vipindi vyenye mchezo na bila kulazimisha jibu. Mtoto husikia sauti ile mara nyingi katika nyimbo na hadithi kabla ya kuombwa aitamke, na sentensi anazopewa huanzia fupi, zikirefushwa kadiri ulimi unavyozizoea. Maendeleo huwa ya taratibu kuliko kwa mwenye shida moja, na familia iambiwe hivyo mapema ili isikate tamaa.

Anayefika darasa la kwanza akiwa bado anakwama hukutana na kusoma kwa sauti, mhimili wa masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Kipimo cha kuhesabu maneno anayosoma kwa dakika humwonyesha kama asiyejua herufi, hata kama anazijua zote. Mwalimu anaweza kulibaini hilo kwa kumsomesha pamoja na mwenzake kwa sauti moja, kisha kumuuliza maswali ya kifungu alichosoma kimoyomoyo, na kumruhusu ajibu kwa kuonyesha au kuandika. Akishindwa hapo pia, tatizo si kigugumizi, na uchunguzi wa lugha unapaswa kuanza mara moja. Akiweza, alama zake za kusoma ziandikwe kwa alichoelewa, na tiba ya kigugumizi iendelee, safari hii mtoto mwenyewe akishirikishwa katika kuipanga.